Jozi Ishirini na Tatu

Sufi ya kijivu nimenunua kwa Vilve.
Alipojua ni ya kazi gani akapunguza bei,
nami nikakasirika kidogo:
akinilipia nusu, shukrani itakuwa ya nani?

Ni glavu zile zisizo na vidole,
vidole vinne chumba kimoja, gumba chake peke yake,
na nyota ya ncha nane mgongoni mwa kiganja,
kama alivyonifundisha mama kabla ya vita.
Jozi ishirini na tatu.
Majina yako kwenye karatasi ya Taavet,
kiongozi wao, fundi mabomba siku za kazi.

Mwezi wa tisa Heldur alichukua kikapu,
akaenda kuokota uyoga
kama alivyoenda miaka hamsini,
na msitu ukafunga mlango nyuma yake.
Usiku wa kwanza walikuja kumi na mmoja.
Wa pili wakawa ishirini na watatu,
na mbwa wawili, na jenereta, na birika langu
lililochemka mpaka likaungua kitako.

Sikupima mikono yao, ningepimaje?
Najua tu walivyoshika vikombe.
Merike kwa viganja viwili, kama amebeba kifaranga.
Ülo kwa ncha za vidole, akiogopa kuchafua.
Siim, kijana wa benki: kikombe kilipotea ndani ya ngumi.
Kwa kipimo hicho nafuma.

Ya Siim nimeifumua mara mbili.
Kosa dogo, safu ya nane, hakuna ambaye angeliona.
Nimeliona mimi.

Jioni Heldur ananyoosha mikono,
namzungushia uzi, naviringa donge.
"Za nani hizi?"
"Za waliokutafuta."
"Kwani nilipotea?"
"Siku mbili."
Anawaza, uzi umelegea mikononi.
"Basi wafumie nzito. Huko kuna baridi."
Kesho atauliza tena, nami nitajibu,
na kwa maswali hayo hayo
nimefika jozi ya ishirini na mbili.

Wamesema hawataki kitu.
Taavet alikataa hata pesa ya mafuta,
akaondoka haraka kana kwamba ana deni.
Lakini mkono mtupu haulambwi,
na mkono wenye ganzi haushiki tochi,
na msimu ujao msitu utamfungia mlango
mume wa mwingine.

Jumamosi wana karamu yao ya mwaka
kwenye banda la zimamoto: viazi, samaki wa chumvi,
na hotuba ya Taavet, ambayo haijawahi kuwa nzuri.
Nitatangulia. Kila kiti jozi yake,
kisha nitakaa karibu na mlango
nisilazimike kusema neno.

Imebaki moja.
Mstari wa mwisho wa karatasi hauna jina:
"mama wa gari jekundu", basi.
Hakunywa chai. Sikumwona mikono.
Nilimsikia tu, upande wa kinamasi,
akiita Heldur, Heldur, mpaka sauti ikakwaruza,
ikakatika, ikaanza tena,
na alfajiri mzee wangu akamjibu: "Nakuja, mpenzi,"
kama anavyonijibu mimi chakula kikiiva.

Yake nimeifuma kwa kipimo cha mkono wangu.
Ikimbana, anirudishie.
Sufi bado ipo.