Chini ya Ubao

Ubao wa babu Chani wa kuhesabia bado upo dukani, Gongoni,
nyuma ya madumu ya asali ya Sikonge.
Ushanga mmoja ulipotea kabla sijazaliwa;
bibi Kalunde akachonga mwingine wa mninga,
mnene kidogo, hukwama ukikaribia mwisho.
Baba husema: hapo ndipo pa kuhesabu polepole.

Chini yake kuna maandishi ya wino,
safu tatu zinazoshuka kama mvua isiyo na upepo.
Babu alikufa baba akiwa na miaka sita,
akaenda na lugha yake.
Tukabaki na vineno vya jikoni:
cha kuitia chai, cha kumkanya mtoto.

Basi yale maandishi tukayafanya hekima.
Siku ya mtihani wa darasa la saba niliyapangusa kwa kidole.
Shangazi Sizya aliyagusa akienda kujifungua.
Nilipochumbiwa niliyanakili,
nikashonea karatasi kwenye pindo la kanga.
Tuliambiana yanasema subira. Au mlima.
Masele aliapa yanasema simba.

Mwaka huu reli mpya imeleta mpima udongo, Peng.
Alikuja kununua asali,
akaomba maji ya moto matupu, bila majani.
Nikacheka: baba hunywa vivyo hivyo,
na sisi miaka yote tulidhani ni tumbo.

Akaugeuza ubao. Akasoma, akarudia.
"Huyu Mulisho ni nani?"

Mrisho, chumvi, pishi mbili.
Mrisho tena, nta, mzigo mmoja, mvua zikikatika.
Mama mkwe, mbuzi, bado.

Ndiyo yote. Hapakuwa na mlima.

Baba akafunga duka saa nne asubuhi,
jambo ambalo hajalifanya tangu msiba wa bibi.
"Dawa ya deni," akasema, na hakumalizia.

Mrisho amekwishakufa. Mjukuu wake ana genge la nyanya, njia ya Ipuli.
Tukampelekea chumvi kwenye kikapu;
akadhani tunauza, akasema anayo.
Baba akaeleza upya, neno kwa neno,
kama anayesukuma ule ushanga wa mninga.

Nta tunaipima kesho. Mbuzi yuko njiani kwenda Usoke,
kwa ukoo wa bibi, aliyejua na akanyamaza.

Nami nimeandika chini ya ubao, kwa herufi za shule:
chumvi, imelipwa.
Pamebaki nafasi ya safu moja.
Mwanangu ana miaka minne,
na jirani ananiambia anamdai pipi.