Nataka Inayolia

Masatu ameniwekea tatu mezani
juu ya gazeti, kama dagaa wa kuonja.
Duka lake liko Mlango Mmoja
nami nimefuata mlango mmoja tu,
wa mama, kule juu Igogo,
nyumba iliyokalia jiwe lililokalia jiwe.
Toka getini hadi kizingitini ngazi thelathini na moja.
Magoti yake yamekwisha kuzihesabu.

Mimi niko Nansio, nakata tiketi za meli,
kati yetu saa tatu za maji na ushei.
Kashindye akileta ndoo, akapiga hodi,
mama husema karibu, karibu,
na karibu haifungui komeo.

"Hii ndogo ni rahisi," asema Masatu. "Ampea moja."
Kufuli langu hunywa mbili likishtuka.
Nimeshaona mdogo akibebeshwa mzigo wa mkubwa:
midomo ya rilei inaungua, inagandana,
geti linabaki wazi usiku kucha
na wewe huko mbali unabonyeza zima, zima, zima.

"Basi beba hii ya kisasa. Ndani hakuna kinachocheza.
Haichoki. Haitoi hata mlio."
Naigeuza. Mgongoni imeandikwa ni ya umeme wa nyumbani,
ule wa kwenda na kurudi.
Betri yangu ya pikipiki inatoa wa kwenda tu;
hii ikishashika haitajua kuachia.
Ndiyo sababu niliyompa Masatu,
na ni ya kweli, hata kwenye mtihani ningepata alama.

Nyingine sikumpa.
Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili.
Jua likizama nyuma ya mawe
anaishi kwa masikio: anajua sufuria kwa kifuniko chake,
paka wa jirani kwa bati analokanyaga.
Mlango ukifunguka kimya kwa mtu wa namna hiyo
ni mwizi, au mzimu, au mimi,
na sitaki awe anakisia.

Ya tatu ni ya buluu, kama kipande cha sabuni ya kufulia.
Koili volti tano, midomo ampea kumi.
Masatu anaigusisha waya: tak.
Tena, nasema.
Tak.
Mteja wa nyuma yangu, aliyekuja kununua balbu, anaguna.

"Umeme ukikatika, geti lilale vipi?"
Hilo nilikwisha kumuuliza mwenye nyumba kwa simu.
Akasema: Lilale limefungwa.
Na ufunguo wangu wa chuma usiuguse.
Mimi si kuku wa kufungiwa na mtoto.
Basi waya unakwenda kwenye mguu ulio wazi,
unaofunga mzunguko pale tu unapoitwa,
sekunde moja, kisha uachie,
maana kufuli likishikiliwa muda mrefu linapata homa.

Naongeza daiodi, ndogo kama punje ya mtama.
Koili iliyoshika kwa nguvu ikiachwa ghafla
hurusha teke nyuma, inaua kilichoiamuru.
Mama, mwaka wa msiba wa baba,
alivunja vikombe sita vya harusi
kisha akafagia, akachemsha chai, tukanywea bakuli.

Rilei sikuiweka getini.
Niliipigilia juu ya dirisha lake, karibu na mto,
waya mnene ndio ulioteremka mawe.

Jumapili, Nansio, meli imeshaondoka,
dirisha la tiketi nimeliteremsha.
Nabonyeza.
Hapa hakulii kitu. Korongo wawili kwenye gati, basi.
Nasubiri kama aliyetupa jiwe kisimani.

Simu inaita.
"Imelia," asema mama.
Nani yuko getini?
"Sijui. Hakuna mtu, nadhani.
Imelia, nami nikasema karibu."