Kamisheni

Uyole, saa moja asubuhi, ukungu bado umelalia viazi.
Hirsi amevaa koti la mtumba juu ya kanzu,
anapuliza vidole, anahesabu noti:
"Tuma, dada Sekela. Za mayatima kule kwetu."

Miaka sita natuma.
Mwanangu aliposhikwa na degedege
gari lake ndilo lililotukimbiza Rufaa,
na mafuta hakudai.

Jana Idil, yule muuza mablanketi,
akaegemea dirisha langu, macho daftarini.
Kidole kikasimama kwenye jina la mpokeaji.
Hakupiga kelele.
"Huyu alibisha hodi kwetu Baidoa,
akamwita mume wangu kwa jina la utotoni,
akatoka pekupeku.
Mayatima ninao mimi, watatu.
Senti yenu hatujaiona."

Nikafunga kibanda mapema.
Nikapiga hesabu: kila muamala, shilingi mia nne.
Mia nne! Nilikuwa nanunulia chumvi.

Leo Hirsi huyu hapa, anapuliza vidole.
"Mtandao hamna," nikamwambia.
Simu yangu ikalia pale pale, mezani,
tukaitazama wote wawili.