Jiwe la Kilo

Jiwe langu la kilo lilikuwa na tundu chini.
Hulioni. Fundi Odera wa Kamukunji alilitoboa
kwa keekee, polepole, kama anayeng'oa jino la mtoto,
akaliziba kwa nta na masizi.
"Sasa," akasema, "kilo yako imeujua mji."

Miaka minane niliuza maharagwe Marikiti
kwa jiwe hilo.
Gramu themanini. Nani atalilia gramu themanini?
Konzi moja ya rosekoko.

Nilipokuwa mdogo, Makongeni, Mungu alikuwa mwenye duka:
daftari la madeni, kalamu nyuma ya sikio.
Akipita mlangoni, mama alijibanza nyuma ya pazia
na mimi hutoka kusema, "Mama hayupo."
Ndivyo nilivyokua nikisali.
Nyuma ya pazia. Nikimtuma mtoto aseme sipo.

Nilikwenda kuungama, sikatai.
Padri alikuwa na mafua; nyuma ya wavu nilisikia leso.
Akanipa Salamu Maria kumi.
Nikazisali zote, nikatia na mbili za nyongeza,
si unajua sisi wa sokoni,
na Jumatatu nikaliweka jiwe kwenye sinia,
jepesi vilevile.
Mhubiri wa langoni, yule wa kipaza sauti, akasema panda mbegu.
Nikapanda mia tano.
Sijui aliipimia wapi.

Mama Kerubo hupikia watoto wa chekechea, Mukuru.
Kila Alhamisi kilo nne.
Alinunua kwangu mvua ikinyesha, alinunua kwangu wakati wa maandamano,
maduka yamefungwa, macho yetu yanawasha kwa moshi.
Hakuwahi kuomba nipunguze bei.

Alhamisi moja ya Aprili, stima zimepotea,
tunapima kwa mwanga wa simu yake,
akaniambia, bila kuinua sauti:
"Musembi, hilo jiwe lako, nililijua tangu mwaka wa kwanza.
Nina mizani nyumbani."

Niliisikia mvua ikipiga mabati, moja moja.

"Basi mbona ulirudi?"

"Nilikuwa nangoja uchoke."

Nikafungua mdomo kuomba msamaha,
ule mrefu wa kanisani, wenye magoti.
Akanikatiza:
"Kusamehe nitasamehe, hiyo ni yangu na siku yake.
Wewe pima."

Nikapima kwa mikono. Nikajaza hadi mfuko ukagoma kufungwa.
Naye akapunguza, akarudisha konzi mbili guniani.
"Kilo nne, nimesema. Sikuja kuokota."

Usiku huo sikulala.
Si kwa hofu ya moto; moto nimeuogopa tangu utotoni,
haujawahi kuninyima usingizi.
Ni lile neno, *nangoja*.
Kwamba aliyenijua ndiye aliyekuwa akija.
Kwamba daftari labda halikuwepo,
ila mtu amesimama mbele ya meza yangu, Alhamisi baada ya Alhamisi,
mfuko wazi mikononi,
anapokea pungufu,
ananiita kwa jina.

Nilimrudia Odera. Akayeyusha risasi, akamimina,
na fundi ni fundi, ikamzidi kidogo:
kilo moja na gramu kumi na mbili.
"Nipige tupa?"
Nikamwambia aache.

Siku hizi sianzi kwa Ee Mwenyezi.
Saa kumi alfajiri, malori yakishusha viazi,
nakaa juu ya gunia na kumwachia gunia la pili.
Namwambia bei ya leo. Namwambia mgongo.
Namwambia, jana kidole gumba kilitaka kugusa sinia,
chenyewe, kama mbwa anayerudi nyumba aliyohama.
Hajibu.
Mama Kerubo naye hajasema bado kama siku yake imefika.

Kesho ni Alhamisi.