Baghala wa Nicanor

Bwana Zdislav alikuja Valparaíso na sanduku moja la nguo
na piano iliyozunguka ncha ya dunia ndani ya tumbo la meli,
ikatoka na vitufe vitatu vimevimba kama ufizi wa jino bovu.
Wapagazi kumi na mmoja waliipandisha kilimani kwangu.
Mmoja alivunjika kidole. Fidia nililipa mimi.

Kodi alilipa akipata.
Asipopata, alimfundisha binti yangu Hortensia,
ambaye vidole vyake, Mungu anisamehe,
ni vya kukandia unga.

Mchana alishuka mjini kwa mabinti wa matajiri wa shaba,
akawahesabia moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu,
mama zao wakidarizi pembeni,
jicho kwenye sindano, jicho kwenye mikono yake.
Usiku alirudi ananuka chai ya watu,
akawasha mshumaa, akaandika.

Mimi kusoma sijui, na noti ndiyo kabisa:
naziona kama sisimizi walionasa kwenye ugwe.
Lakini sikio ninalo.

Ikaja barua kutoka kwao Moravia, miezi mitano njiani.
Alinisomea huku anacheka, kisha hacheki.
Kipande alichopeleka kimechapwa,
na mchapaji, bila kumuuliza, amekiita Machozi ya Nchi Yangu.
Wanawake wa huko wanalia. Gazeti limesema
ule mdundo unaochechemea
ni moyo wa mhamiaji ukikumbuka misitu ya kwao.

Moyo gani!
Yule ni baghala wa Nicanor muuza maji,
anayeshuka ngazi zetu alfajiri,
mguu wa nyuma wa kushoto mbovu:
ko, ko, ko,
kimya,
ko.
Miaka kumi na tisa ndiye aliyeniamsha.

Nikamwambia. Akanitazama
kama mwizi aliyekutwa na kuku kwapani.
"Doña Eulogia, usiwaambie."
Niwaambie akina nani, na kwa lugha ipi?

Kifua kilimchukua mwezi wa Agosti.
Piano ilikwenda kwa deni la daktari.
Karatasi, muuza jibini alizitaka za kufungia;
nilimnyima. Zimo chini ya godoro langu,
zinanichoma mgongo.

Baghala naye kafa. Nicanor kanunua mwingine,
mzima, miguu yote minne.
Anashuka vizuri, sawasawa kabisa,
nami siku hizi nachelewa kuamka.