Amri ya Muda

Hakimu wa Bungoma kasema: kwa sasa.
Kwa sasa kinu cha Kanduyi kibaki kwa Khaemba,
nami nipokee elfu sita kila tarehe tano.
Kwa sasa ng'ombe asiuzwe:
maziwa ya asubuhi yangu,
ya jioni yake.

Leo ni kumi na tisa.
Simu imelia: mia nane.
"Ya chumvi," kaandika.

Jana nilipanga foleni kinuni
na gorogoro zangu mbili, kama mteja.
Akapima. Akasaga. Akanitoza ishirini,
macho kwenye mzani.

Unga ulitoka moto,
nikaukumbatia kama mtoto mwenye homa.
Pale unapomwagikia, mdomo wa mashine
bado umefungwa leso yangu ya arusi.
Jina lake limeliwa na vumbi,
limesalia neno moja:
SUBIRI.