Daftari la Stoo, Nakasongola

Miaka kumi na tisa nimejaza safu ileile:
*kimetoka wapi.* Nikaandika majina ya bandari
nisizozijua, kwa kalamu inayovuja,
na nje mchwa wanamaliza nyasi
hadi ng'ombe wanalamba udongo.

Kreti zilikuja na misumari ya kwao,
mbao za msonobari, harufu ya theluji labda
(sijui theluji inanukaje).
Bolti moja, uzito wa yai la kanga,
bei yake ingenunua mbuzi na kamba yake.

Jioni redio inawapima majirani:
huyu katumia mara tatu yetu,
yule kaongeza ndege, sisi asilimia kadhaa.
Sajini Adriko anaizima, anacheka kwa pua.
"Wanahesabu walivyonunua.
Siku wakitunyima spea,
deraya hilo ni banda la kuku."

Kisha akaja Akiteng kutoka Soroti,
cheti chake cha ufundi ndani ya mfuko wa sukari.
Alisimama mbele ya mashine ya kukereza
akiinamisha sikio
kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.
Chuma kikamwaga nyuzi za buluu, za moto.
Siku arobaini, bolti moja.
Gharama yake (niliandika mwenyewe, sikukosea)
mara nne ya ile ya kreti.

Mhasibu wa Kampala, viatu vyekundu kwa vumbi,
akagonga ukurasa kwa kidole:
hasara hii mnaiitaje?
Akiteng hakuinua macho.
"Karo," alisema.

Na hiyo ya kwanza ilikataliwa.
Nusu milimita. Deraya halisamehe.
Nikaandika *imekataliwa*, nikaitia mfukoni,
nikapanda baiskeli mpaka pampu ya shule,
iliyolala tangu mvua za mwaka juzi.
Nilikaza mpaka kiganja kikachubuka.
Mpini ukagoma, ukakohoa,
ukatema kutu,
kisha maji.
Hakuna mtoto aliyeuliza
bolti ile ilitengenezewa vita gani.

Sikumwambia mtu. Labda Akiteng alijua;
wiki ile aliziacha mbili nyingine mezani kwangu,
akasema, "Hizi nazo mbovu,"
nami nikazipima: hazikuwa mbovu hata kidogo.

Ya thelathini ilipita. Sasa zinapita zote,
gari linanguruma langoni, Adriko amekonda kwa furaha,
na redio bado inahesabu yale ya zamani.
Nimeomba mara mbili kwa barua, kwa heshima zote,
mashine ile ipewe Jumamosi moja ya pampu.
Barua zimepokelewa. Muhuri upo.

Kwenye safu ya *kimetoka wapi*
siku hizi naandika neno fupi: *hapa.*
Kalamu inavujia palepale.
Safu inayofuata, *kinakwenda wapi,*
hujazwa na ofisi nyingine.